Marufuku Kujenga Banda

Siku ya hitima yake, dua ilipokwisha, Mwenyekiti wa klabu yetu ya sataranji alisimama akasema kwamba marehemu ndiye aliyetufundisha subira. Watu wakaitikia. Akasema pia kwamba kuanzia mwaka huu tutashindania kombe litakaloitwa kwa jina lake. Watu wakaitikia tena, na mzee mmoja aliyekaa karibu yangu akajipangusa macho. Mimi nilikuwa na sinia la wali mbele yangu na sikuweza kutia tonge mdomoni. Katika daftari la klabu, ambalo naliweka mimi kwa kuwa mimi ndiye katibu, kuna mstari unaosema kwamba mchezo wa marehemu ni marufuku. Haujafutwa mpaka leo ninapoandika haya. Na mwandiko wa mstari ule ni wangu.

Ninaandika kwa hasira, nalikubali hilo mapema. Sikusoma sana, niliishia kidato cha pili, na kazi yangu ni kusambaza mikate ya boflo madukani kwa baiskeli. Lakini niliyoyaona niliyaona, na sitaki yafunikwe kwa kombe.

Tukimwita Fundi tu. Alikuwa fundi baiskeli wa Mtambile, kando ya barabara. Alizaliwa wapi na alikuwa mtoto wa nani, wanaojua kusema hayo wamekwisha kuyasema. Banda lake la kazi lilikuwa la bati, na magurudumu yalining'inia kwa waya darini. Sifa yake ilikuwa kunyoosha gurudumu lililopinda. Kulikuwa na mchuuzi mmoja wa samaki aliyekuwa akipakia baiskeli yake kwenye gari kutoka Tumbe, kaskazini kabisa ya kisiwa chetu, akiwapita mafundi wote wa njiani, ili Fundi wa Mtambile amkazie spoku. Fundi alimtukana kila alipokuja. Alimwambia kwamba anayepakia matenga mawili ya samaki nyuma ya baiskeli ya ntu mmoja hana haja ya fundi, ana haja ya punda. Kisha alimnyooshea gurudumu vizuri kuliko mtu yeyote.

Aliyesubiri baiskeli yake alisubiri mbele ya sataranji. Ubao ulikuwa wa plaiwudi, kauchora mwenyewe kwa rangi ya mafuta. Askari mmoja mweupe alikuwa amepotea, na mahali pake pakasimama kifuniko cha valvu ya tairi. Hapo ndipo nilipojifunza, na hapo ndipo alipoanza kunigombeza.

Swali la kwanza aliloniuliza halikuhusu mchezo. Aliniuliza ninaamka saa ngapi. Nikamwambia ninafika kwenye tanuri la mikate kabla ya adhana ya alfajiri.

"Basi we si ntu wa kukariri," akasema. "Wale wenye vitabu wana njia ishirini za kuanza, na kila njia ina matawi. Mie n'takupa nyumba moja. Uijue kila chumba chake, hata taa ikizimika usijikwae."

Nyumba yenyewe ilikuwa hivi. Ukiwa na nyeupe, askari aliye mbele ya malkia anakwenda hatua mbili. Kisha tembo wa upande huo, kete ile inayokwenda mshazari, anatoka nje. Kisha askari wawili wa jirani wanasogea hatua moja moja, mmoja kushoto, mmoja kulia, nyuma ya yule wa kwanza, na watatu hao wakawa na umbo la paa. Farasi wanatoka, tembo wa pili anatoka, mfalme anaingia pembeni nyuma ya askari wake. Mwenye nyeusi akija na hili, unapanga hivyo. Akija na lile, unapanga hivyo hivyo.

Kosa alilolichukia kuliko yote lilikuwa kusogeza askari wa paa kabla tembo hajatoka, kwa sababu askari huyo humzibia njia. Nililifanya kosa hilo mara tatu katika alasiri moja. Mara ya tatu alichukua tembo wangu akamtia mfukoni mwake, akaniambia nicheze bila yeye maana kwa vyovyote simtumii.

Nitasema na ubaya wa mpango wake, kwa sababu mwenyewe aliusema. Hakutuambia kwamba unashinda. Alisema unakufikisha katikati ya mchezo kete zako zote zikiwa hai na kichwa chako hakijachoka, na kuanzia hapo kushinda ni shughuli yako. Alisema pia kwamba mpango huu hauumizi mtu, na mpinzani asiyeumizwa naye hupata nafasi ya kujipanga. Na alituonya juu ya malkia mweusi anayetoka mapema kwenda kumla askari aliyeachwa peke yake pale tembo alipoondoka. Wengi walikula hasara hapo, kwa kuwa walikuwa wakipanga huku macho yao yako barabarani.

"Mpango si usingizi," alikuwa akisema. "Nimekupunguzia la kufikiri mwanzo ili ubaki na la kufikiri mbele. Sasa we umeacha kote."

Sasa hilo la subira. Nataka kulijibu, kwa kuwa limeniuma kuliko kombe. Fundi hakuwa na subira hata kidogo. Chai ilimuunguza mdomo kila siku kwa sababu hakuweza kungoja ipoe. Alipanda baiskeli kama mtu anayefukuzwa, na kwenye mteremko hakushika breki, yeye ambaye breki ndiyo kazi yake. Mteja akiuliza bei mara mbili alirudishiwa gurudumu lake kama lilivyokuja. Na akicheza na nyeusi, ambako mpango wake haukumlinda, alikuwa moto mtupu: anatoa farasi, anatoa ngome, anamkimbilia mfalme wa mtu kama ana kisasi naye. Mara anashinda kwa kishindo, mara anamalizwa katika dakika kumi, na akimalizwa anacheka.

Siku moja nilimuuliza inakuwaje anatufunza utulivu na yeye hana.

"Mie hasira zangu nazijua," akanijibu, mikono yake imejaa grisi. "Nikipewa nyeupe nikaanza kwa vita, n'tamaliza kwa vita na kete sina. Kwa hiyo naanza kwa kazi. Hasira haina pa kushika wakati ntu anafanya kazi."

Mtu aliyesema hivyo si mtu wa subira. Ni mtu aliyejijua akajiwekea kizuizi. Mwenyekiti amekaa naye miaka na hakuliona hili, kisha anasimama mbele ya mjane wake kumsifu kwa kitu ambacho hakuwa nacho.

Klabu yetu hukutana Chake Chake kila Jumamosi, barazani nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, baina ya alasiri na magharibi. Ni muda mfupi na mbao ni mbili tu. Wachezaji wanaweza kufika kumi na tano. Kwa hiyo tulichukua desturi ya baraza za dhumna na karata: anayeshinda hubaki, anayeshindwa huinuka, anayefuata hukaa. Na tulichukua na mengine ya baraza. Waliosimama husema. Humwambia huyu piga, humwambia yule umekwisha, humpigia makofi anayetoa malkia wake hata kama amemtoa kwa upuuzi. Baraza hupenda kelele ya kete ikipigwa ubaoni.

Fundi alikuja kila Jumamosi kwa baiskeli kutoka Mtambile, na akipata nyeupe alipanga paa lake. Mchezo ulikwenda taratibu. Nyuma yake watu walihesabiana foleni, jua linashuka, wengine wamekuja mbali. Wakaanza kuliita paa lile banda. Fundi anajenga banda la kuku. Fundi, usisahau mlango. Fundi, bati zimefika. Mwanzoni alicheka nao, na mara moja alimjibu mtu kwamba kuku wenyewe ndio hawa wanaopiga kelele nje. Baraza zima liliangua kicheko. Lakini alishinda, akabaki, na aliyefuata akakaa akashindwa naye, na vicheko vikapungua.

Mwenyekiti ni mwalimu wa sekondari, mtu wa maneno mepesi na mchezo mzuri wa kushambulia. Sisemi hajui sataranji. Anajua kuliko mimi. Lakini Jumamosi moja aliitisha kikao pale pale barazani akasema kwamba mchezo wa banda unaua klabu, vijana wanakata tamaa, na kwamba nyeupe imepewa haki ya kuanza ili ishambulie. Akapendekeza kanuni.

Fundi aliomba kusema. Alisema tatizo ni muda, na dawa ya muda ni saa. Simu ya kila mtu pale inaweza kugeuzwa saa ya sataranji bure, kila mchezaji apewe dakika kumi, zikimwisha ainuke, awe amejenga banda au ghorofa. Alisema maneno hayo kwa utulivu ambao si wake. Mwenyekiti akasema simu zinaingiliwa na ujumbe. Fundi akasema basi wazime ujumbe. Watu wakacheka, sijui walicheka nini, maana lilikuwa neno la akili.

Hapo ndipo hasira yangu inaponirudia mwenyewe. Wanaokubali kanuni waliambiwa wainue mikono, na mimi niliinua wangu. Sikuinua kwa hoja ya Mwenyekiti. Niliinua kwa sababu Fundi alikuwa ameniinua kitini Jumamosi tano mfululizo, kwa mpango alionifunza yeye, na nilitaka kukaa. Hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine. Mwalimu wangu alitazama mikono ile akaona na huu wa kwangu. Kisha akanigeukia, kwa kuwa daftari lilikuwa mapajani mwangu.

"Andika vizuri, Katibu," akasema. "Isomeke."

Nikaandika: Ni marufuku kujenga banda siku ya Jumamosi. Atakayejenga atainuka.

Mahali pengine popote duniani wanapocheza mchezo huu, mtu hufungwa kwa kete alizozisogeza vibaya. Kwetu mtu alifungwa kwa kete alizozisogeza vizuri lakini polepole. Na hatukuona aibu. Tulikuwa na simu kumi na tano mifukoni, na hatukuitoa hata moja.

Nani alidhani kwamba angeendelea kuja? Alikuja. Jumamosi iliyofuata alikaa, ikamwangukia nyeupe, akageuza ubao kimya akampa mwenzake nyeupe yeye akachukua nyeusi. Alifanya hivyo wiki nyingi. Kwa nyeusi alicheza mchezo wake wa moto, wakampigia makofi. Mwenyekiti akamwambia mbele ya watu kwamba waona sasa, Fundi, kumbe unajua kucheza. Fundi alikuwa akimtazama mfalme wake.

Kisha ikatokea Jumamosi ya mwisho. Alikuwa na nyeusi, dhidi ya Mwenyekiti mwenyewe. Labda alichoka siku hiyo, labda aliona ndio mchezo unavyotaka. Alitoa tembo wake nje, akasogeza askari wawili, na paa likaonekana upande wa nyeusi. Mwenyekiti alinyoosha kidole. Akasema hilo nalo ni banda. Mtu mmoja akasema kanuni haikutaja rangi. Wengine wakadakia. Mchezo ulikuwa bado uko sawa kwa sawa, hakuna aliyeshindwa.

"Inuka, Fundi," Mwenyekiti akasema. "Kanuni ni kanuni."

Wakanitazama mimi, kwa kuwa daftari ni langu. Ningeweza kusema kwamba siku ile tulipokubaliana hoja ilikuwa nyeupe, na nyeupe tu. Nilikumbuka hivyo na ndivyo ilivyokuwa. Nilisoma mstari kama ulivyo, kwa sauti, na rangi haikutajwa, kwa sababu mimi niliyeuandika sikuitaja. Fundi akainuka. Aliichukua kofia yake, akaipiga vumbi ambalo halikuwepo, akapanda baiskeli. Hakurudi tena barazani.

Zaidi ya mwaka ulipita. Klabu moja ya Unguja ikaja kucheza nasi, watu watano kwa watano. Nilikwenda Wesha kuwapokea kwenye boti. Tulikuwa tumejitayarisha kwa vita. Kati ya watano wao, watatu waliopata nyeupe walianza na askari wa malkia, wakatoa tembo, wakajenga paa. Wachezaji wetu walitazamana. Kwa zaidi ya mwaka hakuna aliyeliona banda ubaoni siku ya Jumamosi, na vijana wawili hawakuwahi kuliona kabisa. Wakapiga ukuta mpaka kete zikawaishia. Tulishindwa michezo yote mitano, mimi nikiwa wa tano. Wageni walishukuru chakula, wakasema karibuni Unguja kwa marudiano.

Siku tatu baadaye Mwenyekiti aliniita. Niende Mtambile nimwambie Fundi aje atufunze kulikabili banda kabla ya marudiano. Niliuliza kama kanuni inafutwa. Akasema aje kwanza, mambo ya karatasi baadaye.

Nilimkuta nyumbani, si kazini. Sukari ilikuwa imemshika miguu na sasa inakwenda machoni. Mkewe alinipa kiti akabaki mlangoni kusikiliza, na uso wake haukuwa na karibu nyingi, na sikumlaumu. Nilitoa ujumbe wangu. Fundi alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si desturi yake.

"Nije nifunze kitu ambacho nikikicheza mwenyewe naambiwa inuka?" akauliza.



Akasema hataki kuombwa radhi, maana radhi ya watu kumi na tano haijazi tairi pumzi. Anataka kitu kimoja. Mstari ule ufutwe mbele ya watu, kama ulivyoandikwa mbele ya watu. Siku hiyo atakuja hata kwa kubebwa, na atafunza mpaka waseme basi.

Niliupeleka ujumbe. Kikao kilichukua muda mfupi kuliko Fundi na chai yake ya moto. Mwenyekiti alisema mzee anataka kubembelezwa. Mwingine akasema tukifuta kanuni moja kwa ajili ya mtu mmoja, kesho kila mtu ataleta yake. Mwingine akasema tungoje apone. Mimi nilisema kwamba ombi lake ni dogo na ni la haki. Nilisema mara moja, wakaendelea na jambo jingine, na sikusema mara ya pili. Marudiano Unguja hatukwenda. Ilisemekana nauli imekuwa ngumu.

Nilikwenda tena Mtambile kumpa jibu. Ilikuwa baada ya alasiri. Alikuwa ameketi kwenye busati chumba cha uani, mguu mmoja juu ya mto, na alinijua kwa sauti nilipopiga hodi, si kwa sura. Nilimwamkia, nikamuuliza hali, akasema hali anayo Mungu. Nilijaribu kutafuta namna ya kulisema jibu. Hakunipa nafasi. Alimwambia mkewe alete ubao.

Alizipanga kete kwa vidole. Akigusa kichwa cha kila moja, anaijua, anaiweka. Zake zilikuwa nyeupe. Nilikaa mbele yake nikamsaidia kupanga zangu. Akamsogeza askari wa malkia hatua mbili. Nikajibu, nikamtajia nilichokisogeza, kwa kuwa hakuona. Kidole chake kikatembea ubaoni mpaka kikampata tembo, akamtoa nje, akamweka. Hakumwachia. Mkono ukabaki juu ya kete.

"Katibu," akasema. "Nikijenga, utaniandika?"

Nilitaka kucheka, nikadhani ndio mzaha wake wa zamani. Nilimtazama usoni na haukuwa mzaha. Alikuwa ameinua uso, macho yake hayakufika nilipo, na alikuwa anangoja, yeye asiyeweza kungoja chai. Mlangoni mkewe naye alikuwa ameacha kazi aliyokuwa akiifanya.

Nikamwambia hapana. Nikamwambia siandiki.

"Hapa," akasema. "Hapa huandiki."

Kisha akamwachia tembo, akavuta mkono wake, akaniambia nicheze.